Napanga chumba kimoja Kimara, nataka kujifunza kufuma na kupika mwenyewe. Nianzie wapi wakuu?

Mpangaji_Kimara

Habari za jioni wakuu. Mimi ni kijana wa kiume, napanga huku Kimara chumba kimoja, nina jiko la gesi la mtungi mdogo ule wa kilo 6, sufuria mbili na mwiko mmoja ambao hata kuulowanisha bado. Kazi nafanya Posta. Mpaka nipambane na foleni ya mwendokasi pale Kivukoni nifike home ni saa mbili hiyo, nimechoka, nachukua chipsi yai kona ya mtaa nakula huku nimeshika simu mpaka saa sita usiku. Asubuhi supu na chapati mbili, mchana kwa mama ntilie, ukija kupiga hesabu ya mwezi unakaa kimya tu maana hela imeliwa kihalali kabisa. Na kitambi kinakuja.

Sasa nimeamua mambo mawili. La kwanza nipike mwenyewe, chakula cha kawaida tu, sitafuti mapilau. La pili msinicheke, nataka kujifunza kufuma, ile ya sindano mbili ya masweta na makofia. Dada yangu kajifungua juzi juzi yuko Makete, na baridi ya Makete wanaoijua wanaijua, nataka mjomba mtu nimfumie mtoto kofia kwa mkono wangu. Na kingine nataka jioni mikono ishike kitu chochote mradi sio simu.

Shida jioni yenyewe ni moja na fupi. Kwahiyo naulizia, hivi vitu viwili vinaenda pamoja? Yaani kuna vyakula mtu anabandika jikoni anakaa pembeni anafuma vinaiva vyenyewe? Alafu sindano na uzi kwa hapa Dar vinapatikana wapi, namba ngapi, uzi wa aina gani. Mtu anielekeze kama anamwelekeza mtoto wa chekechea, sijui lolote.

---

DogoWaBuza

Hahahaa mkuu yaani umeshindwa kabisa kututafutia shemeji mpaka ufume mwenyewe 😂😂 ukimaliza kofia nifumie na vitambaa vya makochi, langu la watu watatu

---

Nanga_Kunduchi

Dogo acha ushamba. Siku moja shuka Kunduchi au pale Feri mida ya mchana uwaone wavuvi, wazee wa kiume na ndevu zao wamekaa kivulini nyavu mapajani, sindano ya uzi mkono huu, kibao cha kupimia jicho la wavu mkono huu, wanaziba matundu na stori zinaendelea. Nyavu ikichanika baharini hakuna wa kumpigia simu mke. Alafu hizo suruali unazovaa kapunguze Kariakoo uone mafundi cherehani wengi ni jinsia gani. Uzi hauulizi.

Mleta mada endelea na mambo yako, kuna wamama humu watakuja kukupa maelekezo, mimi kufuma sijui najua nyavu tu.

---

BiMkubwa_Magomeni

Mwanangu wa Kimara hongera, umeniamshia raha yangu ya zamani maana nimefuma tangu nikiwa msichana na wanangu wote walivaa vya mkono wangu. Sikiliza vizuri, ntaandika ndefu.

Kofia ya mtoto usianze nayo. Anza na kitambaa cha mraba cha kushikia sufuria, kama sentimita 20 kwa 20 hivi. Kwanza ni mraba tu, hakuna kupunguza wala kuongeza. Pili kikitoka kibaya ni cha jikoni kwako, nani anakiona. Na kwa vile umesema utapika nacho nakuonya mapema, hicho cha sufuria nunua uzi wa PAMBA. Nyuzi nyingi utakazooneshwa zile za rangi kali zinazong'aa ni akriliki, na akriliki ni jamii ya plastiki, ukishikia sufuria ya moto inayeyuka na kukunatia kwenye ngozi. Wengi hawaambiwi hili. Akriliki weka kwa ajili ya kofia, pale ni nzuri, laini, haimwashi mtoto, inafuliwa hata kwa sabuni ya kipande.

Vifaa: panda mwendokasi ya Gerezani ushuke Msimbazi, ingia ndani Kariakoo ulizia maduka ya vifaa vya ushonaji, yale yanayouza vifungo, zipu, lastiki na nyuzi. Usinunue duka la kwanza, zunguka. Bonge la uzi lina karatasi kiunoni, hiyo karatasi usiitupe, imechorwa sindano mbili na namba ya milimita. Uzi wa unene wa kati mara nyingi utakuta imeandikwa 4 na hapo hapo kuna kamraba kanakosema vishono 22 kwa sentimita 10. Nunua hiyo sindano ya 4, ya mianzi kama ipo maana joto la Dar mikono inatoka jasho, sindano ya chuma inateleza na mwanzoni vishono vitakukimbia.

Watakuja kukwambia tumia spoku za baiskeli, na kweli bibi zetu wengi wamefumia spoku, unanoa ncha kwenye jiwe kazi inaenda. Lakini spoku ni nyembamba, kama milimita 2, inataka uzi mwembamba na mikono iliyozoea. Ukiiwekea uzi wa kati kitatoka kitu kigumu kama zulia la mlangoni. Wewe bado.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye sindano ya kushoto weka vishono 40. Kuviweka unaanza na fundo la kitanzi, alafu kila kishono ni kitanzi unakizungusha kwenye kidole gumba unakiingiza kwenye sindano unavuta kidogo. KIDOGO. Kishono kiteleze kwenye sindano kama pete iliyokutosha, ukikaza utakuja kulia mstari wa pili.

Alafu: sindano ya kulia ichome kwenye kishono cha kwanza kutoka mbele kwenda nyuma. Uzi uzungushe kwenye ncha ya hiyo sindano ya kulia. Vuta ncha irudi mbele na kitanzi kipya kikiwa juu yake. Kile cha zamani kiachie kidondoke kutoka sindano ya kushoto. Basi, umefuma. Rudia hadi sindano ya kushoto ibaki tupu, geuza, badilishana mikono, anza tena. Ukienda hivyo hivyo kila mstari kitambaa kinatoka na matuta matuta pande zote mbili na kinalala chini vizuri. Ule mfumo mwingine wa sweta, mstari mmoja wa mbele mmoja wa kinyume, ndio unatoka laini lakini kingo zake zinajikunja zenyewe, watu wanadhani wamekosea kumbe ndio tabia yake. Achana nao kwanza.

Ukichoka usiachie katikati ya mstari. Maliza mstari ndio uweke chini.

---

Mpishi_wa_Tabata

Bi mkubwa kamaliza upande wake ngoja nishike wa jikoni.

Mkuu kwa hali yako vyakula vigawe mafungu mawili, vya kusimamia na vya kuacha. Ugali ni wa kusimamia, ukishika mwiko umeshika mwiko, hakuna cha ngoja nimalizie mstari, utapata mabonge na chini umeungua. Chapati, mayai, dagaa wa kukaanga vyote kundi hilo. Usiku wa kufuma usipike hivyo, na dagaa haswa achana nao maana harufu ya dagaa ikiingia kwenye uzi wa kofia ya kichanga dada yako atakupigia simu.

Vya kuacha ni maharage, makande, kisamvu, supu ya mifupa. Hapa ndipo ufumaji wako unapokaa.

Maharage: nusu kilo kwa Mangi, chagua mawe, osha, loweka usiku. Kesho mwaga yale maji weka mapya bandika. Dakika kumi za mwanzo moto mkubwa yachemke kwelikweli, hii sio hiari, maharage hasa yale mekundu yana sumu ya asili inayokufa kwa kuchemka kwa nguvu, sio kwa vuguvugu. Baada ya hapo punguza moto mpaka iwe inapumua tu, funika. Mambo ya kutia nyanya mapema sahau, uchachu wa nyanya unafanya maharage yagome kulainika, utamaliza gesi bado yanagonga meno. Yaive kwanza ndio ukaange kitunguu, swaumu kidogo, nyanya zako mbili, karoti kama ipo, mimina. Chumvi mwisho. Magadi watu wanatia yaive haraka na kweli yanaiva ila yanaua vitamini B na ladha inakuwa kama sabuni sabuni, mi sishauri.

Ukitaka kula kama mtu wa pwani tia nazi. Tui jepesi tangulia nalo wakati maharage yanamalizia, tui zito mwisho kabisa na hapo koroga taratibu moto mdogo, likichemka kwa fujo linakatika. Mpangaji wa chumba kimoja sitegemei una mbuzi ya kukunia, nunua ya pakti hakuna atakayekuuliza.

Kisamvu nunua kilichotwangwa tayari sokoni, kichemshe kwanza bila mfuniko muda mrefu tu, majani ya muhogo mabichi sio ya kuchezea, alafu ndio karanga au nazi.

Wali uko katikati. Maji yakikauka juu unashusha moto chini kabisa unafunika vizuri, robo saa unafuma usiguse. Kwenye mkaa tungepalia moto juu ya mfuniko, kwenye gesi huwezi kwahiyo tafuta sufuria nzito ya kitako kinene, hizi nyembamba za bei chee ndio zinafanya watu waseme hawajui kupika.

Sasa siri yenyewe, na hii nakupa kwa sababu ya hiyo gesi ya kilo 6. Tafuta kapu kubwa au ndoo, tandika matambara, blanketi kuukuu, mito mibovu. Maharage yaliyolowekwa yachemshe kama dakika ishirini hivi na sufuria ikiwa imejaa, toa na mfuniko wake ikiwa bado inatokota, iweke ndani ya kapu, ifukie matambara pande zote na juu. Usifunue. Yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe masaa kadhaa, moto umezima, we unafuma roho kwatu. Ukitoa yarudishe jikoni yachemke tena ndio uunge. Wali nao unakubali hivyo hivyo na muda wake mfupi zaidi. Mama yangu alikuwa anafanya hii kabla ya hizi kelele za nishati safi.

Na kabla sijasahau, chumba kimoja hicho fungua dirisha unapopika. Gesi ikiisha usijidanganye kuingiza jiko la mkaa ndani ukafunga mlango kwa ajili ya mbu. Moshi wake mbaya ni ule usioonekana, watu wanalala hawaamki.

---

Kroshia_Mbagala

Samahani bi mkubwa shikamoo, mi napingana kidogo. Huyu kaka angeanza na kroshia sio sindano mbili. Kroshia ni ndoano moja, kishono kinachoishi ni kimoja tu, ikidondoka unaokota unaendelea, sindano mbili zikidondoka una vishono 40 vinaning'inia na kilio. Kwenye daladala sindano mbili utamtoboa mtu, kroshia inakaa mfukoni. Na kofia ya mtoto kwa kroshia unazunguka tu kuanzia utosini hadi imetosha, hakuna kushona pembeni.

---

BiMkubwa_Magomeni

Marahaba mwanangu. Unachosema ni kweli kwa daladala. Ila kroshia inakula uzi zaidi na kitambaa chake kinakuwa kizito hakivutiki sana, kofia ya kichanga inataka ivutike ifuate kichwa. Na vile vitundu vya kroshia vidole vya mtoto vinaingia. Kama atafanya kroshia basi afume kwa kubana. Mwenyewe kasema sindano mbili, tumwache na sindano mbili zake.

---

Mtumba_Ilala

Nyie watu wa kununua uzi dukani mna hela. Mi nakupa njia ya mtaani. Nenda Karume au Ilala kwenye mitumba tafuta sweta la mkono au la mashine lililofumwa kwa uzi mnene, yapo bei rahisi kwa sababu Dar nani ananunua sweta zito, labda watu wa kusafiri Arusha na Mbeya. Lifumue. Sweta moja la mtu mzima unapata uzi wa makofia kibao.

Ila kuna kuangalia. Ligeuze ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Ukiona umepigwa ovaloki, ile iliyokata kitambaa na kukizungushia nyuzi nyembamba, rudisha, maana kila mstari umeshakatwa utapata vipande vipande vya mita moja. Unataka ambalo vipande vyake vimeunganishwa kwa mnyororo mwembamba, kila kipande kina kingo zake nzima. Kata ule mnyororo tu, tenganisha mikono na mwili, alafu anza kufumua kuanzia shingoni unazungushia kwenye mgongo wa kiti. Uzi utatoka umejikunja kama tambi, funga funga sehemu nne usitatizane, loweka maji ya uvuguvugu na sabuni, tundika kwenye kamba na chupa ya maji chini iuvute. Ukikauka umenyooka.

Lebo ya ndani isome, ikisema pamba 100 umelamba dume, hiyo ya kushikia sufuria. Kama lebo imekatwa chomoa kauzi kadogo uchome na kiberiti nje ya nyumba: pamba inaungua kama karatasi inaacha jivu laini, sufu inanuka nywele, akriliki inayeyuka inaacha kitone kigumu cheusi.

---

DogoWaBuza

mtumba hiyo ya kiberiti kali 👏 leo nimejifunza kitu, mleta mada samahani kwa utani

---

Mpangaji_Kimara

Wakuu nimerudi. Bi mkubwa shikamoo sana. Nimepata sindano za 4 za mianzi na bonge la pamba rangi ya maziwa. Mpishi kapu lako ni moto wa kuotea mbali, nimetumia ndoo ya kufulia na lile godoro la zamani la kijana niliyekuwa naishi nae, mtungi sasa hv unaenda mbali mpaka jirani kaniuliza kama bado nakula.

Nina maswali mawili. Moja la kufuma, kitambaa nilianza na vishono 40 lakini kinapanuka, sasa hv nahesabu 47 na umbo limekuwa kama kipande cha pizza. Sijaongeza chochote kwa makusudi, vinatoka wapi? La pili Mpishi, maharage nikiloweka asubuhi nikienda kazini nikirudi usiku yana povu juu na harufu kama ya uchachu. Ni kawaida au nimwage?

---

BiMkubwa_Magomeni

Marahaba mwanangu. Hivyo vishono saba ni vya pembeni, naweza kukuapia. Ukigeuza kazi kuanza mstari mpya angalia uzi wako unapotokea. Ukiuvuta ukapita JUU ya sindano kwenda nyuma, kile kishono cha kwanza kinanyanyuka kinaonesha miguu miwili, we unaona vishono viwili unafuma vyote viwili. Hapo umeongeza kimoja. Ukigeuza, kabla hujachoma sindano, uvute uzi ushuke chini mbele ya kazi, hicho cha kwanza utakiona kimekaa kimoja, ndio uupitishe nyuma CHINI ya ncha ya sindano sio juu yake.

Kingine angalia usiwe unachoma katikati ya uzi ukaupasua. Uzi wa pamba umesokotwa nyuzi nyuzi, ncha ikiingia kati unapata nusu mbili, kila nusu unaifuma kama kishono.

Hesabu kila baada ya mistari miwili. Sasa hicho usikifumue, endelea nacho, kila mwanzo wa mstari fuma vishono viwili kwa pamoja kama kimoja mpaka virudi 40. Utakuwa umejifunza kupunguza na wewe hujui, na kupunguza ndiko kutakufungia kofia.

---

Mpishi_wa_Tabata

Mkuu hilo ni joto. Chumba cha bati Kimara kuanzia asubuhi hadi saa mbili usiku ni zaidi ya masaa kumi na mbili kwenye nyuzi joto thelathini na kitu, lazima yachache. Povu kidogo bila harufu suuza upike. Harufu ya uchachu na maji yanateleza kama mlenda, mwaga, usihurumie.

Loweka ukirudi usiku ukila, asubuhi ukiamka kuoga mwaga maji, chemsha zile dakika ishirini wakati unavaa, zamisha kwenye kapu, nenda kazini. Ukirudi usiku yarudishe motoni yachemke kwelikweli kabla ya kuunga, maana kapu likishapoa chakula kinakaa vuguvugu na vuguvugu ndio rafiki wa wadudu. Kwahiyo hakikisha matambara ni mengi na sufuria imejaa, sufuria nusu inapoa haraka. Siku ukiona umefungua imepoa kabisa au ina harufu, mwaga. Kama una jirani mwenye friji mzuri basi mwombe akuwekee yaliyolowekwa humo mambo yaishe.

---

Kroshia_Mbagala

jirani mwenye friji haombwi mambo ya maharage kaka, anaombwa barafu tu 😅

---

Mpangaji_Kimara

Ahsante bi mkubwa, ni hapo hapo kwenye uzi kupita juu! Nimeona ile miguu miwili kwa macho yangu. Mraba umekaa mraba sasa. Naomba hesabu ya kofia.

---

BiMkubwa_Magomeni

Chukua rula upime mraba wako, ndani ya sentimita 10 kuna vishono vingapi. Usiniamini mimi wala karatasi ya uzi, kila mkono una kukaza kwake. Tuseme umepata 22, yaani kila sentimita ni vishono viwili na kidogo. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa ametimia ni kama sentimita 35 kukizunguka, na kofia unaipunguza kidogo ili ishike, tuseme 32. Mara 2.2 inakupa 70. Weka 70.

Fuma wazi kama kitambaa, nenda juu kama sentimita 12 hivi, alafu anza kupunguza: vishono vitano, kimoja cha mapacha (yaani viwili kwa pamoja kama kimoja), tano, mapacha, hadi mwisho. Mstari unaofuata fuma bila kupunguza. Kisha nne na mapacha, na mstari mtupu, tatu na mapacha, unashuka hivyo hivyo hadi vibaki 10. Kata uzi ubakize mkia mrefu, mkia upitishe kwenye vishono vyote kumi kwa sindano kubwa ya mkono, vuta vifunge kama mdomo wa mfuko, alafu huo huo mkia ushonee ubavu hadi chini. Bonge moja la gramu 50 linatosha.

Usitie vifungo, usitie kamba ndefu za kufungia shingoni. Kamba shingoni mwa kichanga hapana.

---

Mama_wa_Njombe_mjini

Naingilia jamani mimi ni wa huko huko. Kaka, kofia ya kichwa cha sentimita 35 usifume. Wewe ndio kwanza umejua mraba, ukimaliza, ukaosha, ukapata mtu wa kusafiri, mtoto atakuwa ameshatoka kwenye hiyo saizi zamani. Mtoto wa miezi sita kichwa kinafika 42, 43. Fuma ya miezi sita, ikiwa kubwa leo anaivaa kesho. Na Makete mwezi wa sita wa saba ndio baridi inakamata, kunaanguka sakitu asubuhi majani meupe, kwahiyo ndio kofia inatakiwa ifike. Iwe ya kufunika masikio, ongeza urefu ukunje ukingo mara mbili.

Kutuma ni rahisi kwako, uko Kimara, stendi ya Magufuli Mbezi ni pua na mdomo. Peleka kifurushi kwenye basi la Njombe asubuhi mapema, andika jina na namba ya simu ya mpokeaji kwa maka peni kubwa, dada yako atafute mtu wa kukipokea Njombe akipandishe gari ya Makete.

---

Mpangaji_Kimara

Dada nashukuru sana. Kwahiyo 43 ukitoa tatu ni 40, mara 2.2 ni 88. Lakini bi mkubwa 88 haigawanyiki kwa ile tano na mapacha bila kubaki vishono, saba saba inaingia mara kumi na mbili vinabaki vinne. Niweke 84 au 91?

---

BiMkubwa_Magomeni

84. Inavutika. Na mwisho vitabaki 12 badala ya 10, vuta vyote hivyo hivyo.